Ahadi Isiyo na Mtenda: Uhakiki wa Kaulimbiu za Kisiasa katika Pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kaulimbiu za kisiasa zinazowafikia wakazi wa Rumonge na pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika. Hoja yake kuu ni kwamba utupu wa kaulimbiu hizo umo katika sarufi yake: hazimtaji mtenda anayeweza kudaiwa. Makala yanazilinganisha na matini mbili za kisiasa zilizomtaja mwenye wajibu, kisha yanaeleza athari za tofauti hiyo kwa sera ya lugha.

1. Utangulizi

Waswahili husema ahadi ni deni. Katika soko la Rumonge methali hiyo ni kanuni ya kazi. Anayechukua mawese kwa mkopo hutaja jina lake, idadi ya madumu na siku ya kulipa; anayetanguliza fedha ili aletewe ndagala hutaka kusikia mambo hayohayo. Yasipotajwa hapana deni, kwa kuwa hapana wa kudaiwa. Kiswahili cha pwani hii, kilichokuzwa na biashara ya ziwani pamoja na Ujiji na Uvira, kimezoea ahadi za namna hiyo.

Katika mikutano ya kisiasa watu haohao hupokea ahadi za namna nyingine. Lawama ya kawaida ni kwamba wanasiasa hudanganya. Lawama hiyo haitoshi. Uongo hukanushwa kwa ushahidi, ilhali kauli zinazohakikiwa hapa zimeundwa kwa namna ambayo ushahidi hauzigusi. Mwanafalsafa John Searle, katika kazi yake ya 1969 kuhusu matendo ya usemi, alieleza kwamba ahadi hutaja tendo la baadaye la msemaji mwenyewe. Kipimo hicho ndicho kinachotumika hapa.

2. Kaulimbiu tatu

Kaulimbiu ya kwanza ni “Leta mvyeyi, Leta nkozi”, yaani Serikali mzazi, Serikali mchapakazi, ambayo ni alama ya utawala wa Rais Évariste Ndayishimiye aliyeapishwa Juni 2020. Kauli hii haina kitenzi. Pasipo kitenzi hapana njeo, na pasipo njeo hapana siku ya kuuliza kama jambo limetendeka. Aidha, sitiari ya mzazi humfanya raia kuwa mtoto, na kwa adabu za jamii hizi mtoto hamdai mzazi wake hesabu. Neno mchapakazi lingeweza kurekebisha hali hiyo, kwa kuwa mfanyakazi ana mwajiri wa kumkagua. Lakini mwajiri hatajwi.

Kaulimbiu ya pili hutaka kila kinywa kipate chakula na kila mfuko upate pesa. Hapa vitenzi vipo, ila viima vyake ni kinywa na mfuko. Mtoaji wa chakula na pesa hayumo katika sentensi. Kwa kipimo cha Searle, kauli hii ni dua njema na si ahadi. Uhaba wa mafuta ya magari ulioikumba nchi kwa miaka kadhaa, ukawazuia wasafirishaji na wenye boti za injini, haukuivunja kaulimbiu hiyo, kwa sababu dua haivunjwi na kutotimia kwake.

Ya tatu ni dira ya Burundi kuwa nchi inayoinukia kiuchumi ifikapo 2040 na nchi iliyoendelea ifikapo 2060. Hii ina tarehe, na kwa hilo inazizidi mbili za kwanza. Hata hivyo, Katiba ya 2018 inampa Rais muhula wa miaka saba unaoweza kurudiwa mara moja tu mfululizo. Utawala ulioanza 2020, hata ukirudiwa, unakoma kabla ya tarehe ya kwanza ya dira hiyo. Deni limeandikiwa siku ya malipo ambayo mwenye kuahidi hatakuwa madarakani.

3. Siasa inaweza kusema kwa kufunga

Huenda ikapingwa kwamba kaulimbiu si mkataba. Kazi yake ni kuhamasisha, na ufupi ndio tabia yake. Pingamizi hilo lina uzito. Tanzania nayo ilikuwa na “Siasa ni Kilimo” ya 1972, isiyotaja mtenda wala siku. Lakini miaka mitano kabla yake, Azimio la Arusha lilikuwa limeweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Vitenzi hivi vina kiishio -e kama vile vya kinywa na mfuko, ila kiima chake ni kiongozi. Kwa hiyo kasoro haiko katika kiishio. Iko katika kumficha mwenye wajibu.

Mfano wa pili unaihusu Rumonge moja kwa moja. Uasi wa Aprili 1972 ulizuka katika pwani hii, na mauaji ya ukandamizaji yaliyofuata yaliwafukuza watu wengi mno hadi Tanzania. Mashamba yao yalichukuliwa na wengine, baadhi kwa idhini ya dola. Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulitamka kwamba wakimbizi lazima waweze kurudishiwa mali zao, hasa ardhi, na isipowezekana walipwe fidia ya haki. Kauli hiyo ilitaja anayestahili, kitu anachostahili na njia mbadala. Kwa sababu hiyo mtu aliyerejea aliweza kuisimamia mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006.

Ni kweli kwamba utekelezaji wake uliyumba. Mwanzoni Tume ilielekea kuligawa shamba kati ya aliyerejea na aliyelikuta; baada ya 2011 ilielekea kumrudishia aliyerejea shamba lote. Neno haki lilitumika katika vipindi vyote viwili. Hata hivyo, kuyumba huko kuliweza kuonekana na kulalamikiwa kwa kuwa palikuwa na kauli ya kulinganishia. Kaulimbiu haiachi kipimo cha aina hiyo.

4. Lugha ya kaulimbiu na lugha ya maamuzi

Kaulimbiu ingekuwa na madhara madogo kama ingefuatana na maelezo. Sheria ya lugha ya 2014 iliweka Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini sheria na bajeti huandikwa hasa kwa Kifaransa. Mkazi wa pwani hupewa wito kwa lugha anayoijua, na hesabu kwa lugha ambayo wengi hawaisomi. Baada ya uchaguzi wa Juni 2025, ambapo chama tawala kilitwaa viti vyote 100 vilivyogombewa vya Bunge la Taifa, hata ndani ya ukumbi huo hapana chama kingine cha kuuliza kwa niaba yake. Mwaka huohuo Rumonge, iliyofanywa mkoa 2015, ilirudi kuwa komini, safari hii ndani ya mkoa wa Burunga. Miaka kumi ya mkoa ilihitaji taarifa ya kilichopatikana, katika lugha za wakazi wake.

5. Hitimisho

Washauri wa sera wana jambo la kudai lisilohitaji fedha nyingi: kila ahadi ya umma itolewe kwa maandishi ya Kirundi na Kiswahili, ikitaja ofisi inayowajibika, kiasi na siku. Wataalamu wa Kiswahili nao wajichunge. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na tangu 2021 UNESCO imekitengea siku ya 7 Julai. Maazimio ya makongamano kwamba Kiswahili “kikuzwe” na “kienziwe” yana sarufi ileile ya kinywa na mfuko: hayasemi ni nani akikuze, kwa bajeti ipi, lini. Muuza mawese wa Rumonge asingekubali kutoa dumu lake kwa neno la namna hiyo.