Kizigeu au Fungu?

Katika baadhi ya tafsiri za programu za kompyuta, sehemu iliyotengwa ndani ya diski imepewa jina la "kizigeu". Twaona kuwa istilahi hii haifai, na hasara yake si ya lugha peke yake.

Kizigeu ni kile kinachotenga: pazia, ubao au ukuta mwembamba baina ya vyumba viwili. Kinachotajwa katika diski si ukuta, bali ni chumba chenyewe. Kosa hilo liliweza kuvumiliwa pale mipaka ya diski ilipokatwa mara moja na kuachwa hivyo. Lakini mwaka 1998 Heinz Mauelshagen aliutengenezea mfumo wa Linux njia ya mipaka inayonyumbulika. Diski kadhaa huunganishwa kuwa akiba moja; akiba hiyo hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya megabaiti 4; na kila sehemu hupewa vipande kadiri ya haja. Vipande vya sehemu moja vyaweza kutawanyika katika diski mbili au tatu. Ni ukuta gani huo?

Tumchukue karani wa shule katika kata ya Mtawanya, Kibiti, atakaye kupunguza sehemu ya picha ili apate nafasi ya matokeo ya mitihani. Akiambiwa "sogeza kizigeu", atasogeza. Kumbe kazi ni mbili: kwanza hupunguzwa mpangilio wa mafaili uliomo ndani, ndipo sehemu yenyewe ipunguzwe. Akitangulia kukata sehemu, mafaili yaliyo mwishoni hukatwa pamoja nayo. Katika kupanua, utaratibu hugeuka: sehemu kwanza, mpangilio baadaye.

Sisi twapendekeza "fungu". Ni neno la kila siku kwa sehemu anayopewa mtu. Na kwa wakazi wa delta ya Rufiji ni pia lile tuta la mchanga majini, ambalo hukua, hupungua na kuhama. Wako watakaosema kwamba fungu limekwisha kuchukuliwa na wahasibu. Na liwe hivyo. Huko nako ni mgawo ambao waweza kuongezwa au kupunguzwa kwa idhini.

Basi fungu lipanuliwe na lipunguzwe. Mpangilio wa mafaili ukunjuliwe na ukunjwe, mfano wa mkeka, ambao hukunjwa kabla chumba hakijapunguzwa. Kwa vitenzi hivyo, karani atajua kipi kitangulie.

Kuhusu jina la akiba yenyewe hatujaridhika. "Bohari" limependeza masikioni mwetu, lakini ladokeza jengo, nasi ndiyo kwanza twatoka ukutani.