Simba Watatu na Vinywa Vyao: Mtindo wa Michoro katika Uhuishaji wa Japani na wa Magharibi, Ukitazamwa kutoka Kikorongo

Utangulizi

Kikorongo, katika wilaya ya Kasese, ni njia panda. Msafiri atokaye Mbarara kwenda mjini Kasese hupita hapo, na aendaye Bwera hadi mpaka wa Mpondwe hukata kushoto kuelekea Kongo. Ikweta iko jirani, na jirani vilevile ni Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambamo simba wangali wanaishi. Lugha nazo zimepishana kama barabara: Lhukonzo nyumbani, Kiingereza darasani, Kiswahili katika biashara ya mpakani na wanaovuka kutoka Kasindi, na Kiluganda katika vibanda vya video, ambako mfasiri wa papo kwa papo, yule aitwaye VJ, huwaeleza watazamaji kinachoendelea. Pamoja na ujirani wote huo na hifadhi, ni rahisi zaidi kwa mtoto wa hapo kukutana na simba wa katuni kuliko simba wa porini, na simba huyo wa katuni kwa kawaida husema Kiingereza.

Jambo hilo lina uzito wa kisera. Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kutekeleza uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya lugha rasmi na kukifundisha kwa lazima shuleni. Mijadala iliyofuata imehusu zaidi walimu na vitabu. Uhuishaji, yaani sanaa ya kuipa michoro mwendo, hutajwa mwishoni kama kitu cha kuwaburudisha watoto, na ukitajwa, swali huwa ni lile lile: watoto wetu wanafaa mtindo gani, wa Japani au wa Magharibi? Makala haya yanadai kwamba swali hilo limekaa vibaya. Kilichowatenganisha Wajapani na Wamarekani kwa muda mrefu ni namna ya kuhesabu michoro na namna ya kuchora kinywa kinachosema zaidi kuliko sura za wahusika. Na kinywa ni jambo la wanaisimu.

Macho makubwa na hesabu ya michoro

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba katuni za Kijapani zina macho makubwa, nywele za ncha kali na nyuso zisizotikisika, ilhali za Kimarekani zina miili inayonyumbuka kama mpira. Maelezo haya hayafiki mbali. Osamu Tezuka, ambaye michoro yake ndiyo iliyoyaeneza macho makubwa nchini Japani, alikiri mwenyewe kuathiriwa na katuni za Walt Disney na za ndugu wa Fleischer. Alama inayodhaniwa kuwa ya Mashariki, kwa hiyo, asili yake ni Magharibi.

Hesabu inaeleza zaidi. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Studio ya Disney ilipotoa filamu yake ndefu ya kwanza, kisa cha Snow White, mwaka 1937, kanuni ilikuwa kila mchoro ukae kwa fremu moja au mbili, yaani angalau michoro 12 kwa sekunde kwa kitu kinachotembea. Tezuka alipoanza kurusha Tetsuwan Atomu kwenye televisheni tarehe 1 Januari 1963, kwa kipindi kimoja kila wiki na bajeti finyu, mchoro mmoja uliachwa ukae fremu tatu au zaidi. Kwa kipindi cha dakika 25, tofauti kati ya michoro 12 na michoro 8 kwa sekunde ni tofauti kati ya michoro 18,000 na 12,000, na Tezuka alishuka chini ya hapo: alirudia michoro ya zamani, aliiacha picha isimame huku kamera ikitembea juu yake, na mara nyingi alikihuisha kinywa peke yake juu ya uso uliotulia.

Hata ubahili huo haukuwa wa Wajapani pekee. Studio ya UPA ya Marekani iliufanya kuwa sanaa mwaka 1950 katika Gerald McBoing-Boing, filamu fupi iliyoshinda tuzo ya Oscar, na Hanna-Barbera waliufanya kuwa biashara ya televisheni kabla Tezuka hajaanza. Kwa upande wa pili, Akira ya Katsuhiro Otomo, ya mwaka 1988, ni filamu ya Kijapani yenye wingi wa michoro ambao studio chache za Magharibi zingethubutu, na The Tale of the Princess Kaguya ya Isao Takahata, ya mwaka 2013, inafanana na karatasi iliyopakwa rangi ya maji na kukwaruzwa kwa mkaa. Ukiziweka filamu hizi mbili bega kwa bega, umbali kati yao ni mkubwa kuliko umbali wowote unaodaiwa kuwapo kati ya Japani na Magharibi. Mshauri wa sera anayesema “mtindo wa anime” anapaswa kuulizwa: upi?

Simba wa kwanza na wa pili

Mfano unaowahusu wasomaji wa ukanda huu moja kwa moja ni ule wa simba. Mwaka 1965 studio ya Tezuka ilianza kurusha Jungle Taitei, mfululizo wa rangi wenye vipindi 52 kuhusu mwanasimba mweupe barani Afrika. Mwaka 1994 Disney ilitoa The Lion King, baada ya wachoraji wake kuzuru Kenya. Ubishi wa nani alimwiga nani umejaza kurasa nyingi na hautarudiwa hapa. Kinachofaa kuangaliwa ni vinywa vya simba hao.

Simba wa Disney amechorwa baada ya sauti. Mwigizaji hurekodiwa kwanza, kisha mchoraji huisikiliza sauti ile, huigawa katika fonimu, na huchora umbo la midomo linalolingana na kila sauti. Wachoraji wa Marekani wana jedwali la maumbo ya kinywa, takriban kumi: meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa sauti za f na v, ulimi ukionekana kwa l, midomo ikiviringana kwa w, na kadhalika. Simba wa Tezuka amechorwa kabla ya sauti. Waigizaji husimama mbele ya picha iliyokwisha kuchorwa na kuyaingiza maneno yao, na kinywa kina hali tatu tu: kufumba, kufunuka nusu na kufunuka kabisa.

Wahakiki wa Magharibi wameiona njia ya pili kuwa dosari. Kwa mtazamo wa Kiingereza wana haki, kwa kuwa Kiingereza hurundika konsonanti mwishoni mwa silabi na kina irabu nyingi ambazo jicho huzitofautisha. Kijapani kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaona hoja inakoelekea. Kiswahili nacho kina irabu tano, a, e, i, o, u, na silabi zake kwa asili ni huru. Chukua sentensi “Mtoto anamtazama simba.” Midomo hufumba mara nne: kwenye m ya mtoto, kwenye kiambishi cha mtendwa, kwenye m ya -tazama, na kwenye mb ya simba. Kati ya fumbo na fumbo kuna irabu zinazofunuka kwa viwango viwili au vitatu. Kinywa cha hali tatu kinaisema sentensi hiyo bila aibu. Konsonanti za kimidomo, ambazo ndizo jicho huzisubiri, zimejaa katika viambishi vya ngeli, kwa hiyo mchoraji anayejua mahali pa kufumba amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Ipo pia hoja ya urefu. Neno hawatamwambia lina silabi sita. Kiingereza hulisema wazo hilo kwa silabi nne. Filamu ya Disney ikitiwa sauti ya Kiswahili, kinywa cha simba hufumba wakati mfasiri angali na kitenzi mkononi, naye hulazimika kukata viambishi au kukimbia. Watafsiri hulaumiwa kwa Kiswahili cha mkato kinachotokana na hali hiyo, ilhali kosa liko katika mchoro uliopimwa kwa lugha nyingine. (Wapo watafsiri wavivu pia, lakini hilo ni jambo jingine.)

Akira inathibitisha kwamba jambo hili ni la utaratibu wa kazi na si la kabila wala taifa: Otomo aliamua kurekodi sauti kwanza, na vinywa vya wahusika wake vikafuata Kijapani kwa ukaribu usio wa kawaida nchini mwake.

Pingamizi la kibanda cha video

Inaweza kusemwa kwamba midomo haina maana yoyote. VJ wa Kampala huzungumza juu ya filamu nzima, wanaume, wanawake na farasi kwa sauti moja, na ukumbi hucheka. Jijini Dar es Salaam Lufufu alifanya hivyo kwa Kiswahili na kupata wapenzi wengi. Pingamizi hili ni la kweli kwa watu wazima na kwa burudani. VJ ni msimuliaji anayesimama nje ya picha; mtazamaji hamtarajii simba aseme Kiluganda, humtarajia VJ amseme simba. Mtoto wa Bwera anayetarajiwa kujifunza Kiswahili yuko katika hali nyingine. Tangu Harry McGurk na John MacDonald walipochapisha matokeo yao mwaka 1976, inafahamika kwamba jicho huingilia sikio: mtu anayeona midomo ikitamka silabi moja huku akisikia nyingine anaweza kusikia ya tatu. Kumfundisha mtoto lugha ngeni kwa kinywa kinachotamka lugha nyingine ni kumtwika mzigo usio wa lazima.

Simba wa tatu

Ukanda huu una simba wake. Tinga Tinga Tales, iliyohuishwa Nairobi na kuanza kuoneshwa Uingereza mwaka 2010, ilichukua mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyezaliwa kusini mwa Tanzania na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972, aliyepaka rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Mnyama mmoja hujaza uwanja mtupu, ngozi yake ikiwa madoa na mistari, bila kivuli wala kina. Ni mtindo uliozaliwa na uhaba, kama ule wa Tezuka, na hauhitaji kuomba radhi mbele ya Japani wala Marekani. Ila lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza.

Kinyume chake ni Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa na TBC1 mwaka 2014, na Akili and Me iliyofuata. Hapa Kiswahili kilitangulia, na kazi hizo zinastahili sifa kwa hilo. Kimchoro, hata hivyo, zinatumia rangi bapa na viungo vya wanasesere wa kompyuta vinavyofanana na vya vipindi vya watoto popote duniani. Ukimwondoa Akili kwenye mandhari ya Kilimanjaro, ni vigumu kusema amechorwa wapi. Nayo Kizazi Moto, mkusanyo wa mwaka 2023 ambamo Mganda Raymond Malinga aliongoza Herderboy, ina picha za kujiamini za wachungaji wa ng'ombe wa zama zijazo, jina la Kiswahili, na mazungumzo ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza.

Kwa hiyo ukanda umeshakuwa na mtindo usio na lugha, na lugha isiyo na mtindo. Bajeti itakayotengwa Kampala au Arusha kwa ajili ya katuni za Kiswahili inaweza kutumika kununua haki za vipindi vilivyokwisha kutengenezwa, na katika hali hiyo vile vya televisheni ya Japani vingekuwa rahisi zaidi kutiwa sauti kuliko vya Disney. Inaweza pia kutumika kumlipa mchoraji akae na mwanaisimu na kuandaa jedwali la vinywa vya Kiswahili: kufumba kwa m, b na p, viwango vitatu vya kufunuka, kuviringana kwa o na u. Ni kazi ya ukurasa mmoja. Mitindo ya kuuzunguka ukurasa huo haijapungua. Wanawake wa Kikorongo husuka vikapu vyenye rangi bapa na mapambo ya pembe kali, na hakuna simba aliyekwisha kuchorwa kwa mkono huo.