Proksi inaficha rezo, lakini rezo iko pale pale

Wandugu, kile kitabu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, chenye mitindo 23 ya kuunda programu, kilitoka mwaka 1994, na mpaka leo njo tunakisoma. Miwili kati ya hiyo inasaidia sana mtu anayeunganisha kliyenti na seva: Proksi na Fasadi. Mmoja naupenda. Ule mwingine nina neno nao.

Proksi ya mbali ni objeti inayokaa upande wa kliyenti na kujifanya ile ya kwenye seva. Wewe unaita metodi ya kutoa pesa, basi. Yenyewe inafunga ujumbe, inatuma, inangoja jibu. Raha kabisa. Lakini pale njo hatari inaanzia, juu mstari huo unafanana na kazi ya ndani ya mashine, kumbe unapita kwenye rezo. Jibu lisiporudi, seva haikupata ombi? Ao ilipata, ikakata pesa, kisha rezo ikaenda? Kliyenti haiwezi kutofautisha. Programu inarudilia ombi, na mama muuza sambaza anakatwa dola 20 mara mbili. Kwetu, ambako rezo inakuja na kwenda, hiyo si mfano wa darasani tu.

Mwaka uleule wa 1994, Waldo, Wyant, Wollrath na Kendall wa Sun Microsystems waliandika kwamba objeti ya mbali isichukuliwe sawa na ya karibu. Baadaye Waldo na Wollrath walishiriki kuunda RMI ya Java, na humo metodi ya mbali inalazimika kutangaza kwamba inaweza kushindwa. Wengi wanachukia lile tangazo. Wanalimeza kwa catch tupu ili mistari myekundu ipotee. Mimi naliona ni ukweli mtupu.

Fasadi haidanganyi hivyo. Badala ya kuomba jina, kisha adresi, kisha salio, safari tatu, unaomba yote mara moja. Fowler aliieleza kwa kazi ya mbali katika kitabu chake cha 2002. Inapunguza safari, ila haizuii kukatwa mara mbili. Kwa hilo, kliyenti ipe kila ombi namba yake, na inaporudilia itumie namba ileile. Seva ikishaiona, inarudisha jibu la kwanza bila kugusa pesa tena. Na hiyo namba, wandugu, haimo katika ile mitindo 23.