Watunza Nyaraka wa Kilimani

Katika jumba la nyaraka huko Kilimani, Unguja, ambamo hati za kale zimeliwa na wadudu pembezoni na wino wake umefifia hata ukawa rangi ya chai, wako watu wanaofunua kurasa kutwa kucha, wakimtafutia mgeni wasiyemjua jina la babu yake. Ni kazi ya taabu, maana karani wa zamani aliandika jina kama alivyolisikia, na mtumwa aliyepata uhuru baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa aliweza kuandikwa kwa jina alilopewa na bwana wake, pasi na nasaba. Basi wao hulinganisha daftari na hati, tarehe za Hijria na za Miladia, na pasipo yakini hawatamki neno. Nimemwona mmoja akimsomea mzee jina la bibi yake. Akalirudia taratibu, na mzee akaomba aiguse karatasi.