Nani Alibeba Hizo Pembe?

Kila Desemba orodha ya Mombasa ni ile ile. Fort Jesus, Mji wa Kale, Mapembe ya Ndovu pale Moi Avenue, feri ya Likoni, kisha jioni Mama Ngina na viazi karai. Sina ugomvi na sehemu hizo, zote zinafaa. Kinachonikera ni vile zinavyosimuliwa, kana kwamba kila kitu kilichowahi kufika Mombasa kilishuka kutoka chomboni. Sisi wa Kitui na Makueni ni watu wa kushuka stendi tu na mabegi.

Anza na ngome. Mwelekezi atakupa hadithi kamili, na wengi wao wanaijua kazi: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, mchoro ukiwa wa Muitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waingereza nao wakaigeuza jela, 1895 mpaka 1958. Mimi hukaa sana kwenye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele ya ngome mwaka wa 1697. Ukiviona ndipo unaelewa huo mzingiro haukuwa tarehe za mtihani, walikuwa watu wakingoja chakula. Hapo hela ya kiingilio imerudi.

Lakini hebu tembea hadi Moi Avenue. Zile pembe ni za alumini, ziliwekwa miaka ya 1950 kuulaki ufalme wa Uingereza. Kama sanamu, hazinisisimui hata kidogo. Ni mapambo ya sherehe ambayo hakuna aliyekumbuka kuyateremsha. Watu huzipenda kwa kuwa zinaunda herufi M kwenye picha. Sawa. Swali langu ni moja: pembe za kweli zilifikaje huku pwani?

Nyingi zilibebwa mabegani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kabla reli haijawazwa, misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikiteremsha pembe nyingi kutoka bara hadi Mombasa, kupitia nyika ile ile ambayo leo unaipita umelala garini. Mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo alikuwa Kivoi, mtu wa Kitui. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyekuwa na kituo chake Rabai, alifika kwa Kivoi mwaka wa 1849, na ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba, alipouona Mlima Kenya. Shuleni tulikariri kwamba Krapf "aliuona" mlima. Mwenyeji wake, ambaye alikuwa ameshazunguka sehemu hizo kibiashara, alibaki kuwa sentensi moja. Kivoi aliuawa 1851 msafara wao uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Krapf aliponea, akarudi, akaandika kitabu. Anayeandika ndiye anayebaki, ama?

Ndiyo maana nasema mji uliojipa pembe kuwa nembo una deni la maelezo. Hata kibao kidogo pale chini kingetosha.

Kama una siku ya ziada, toka kisiwani. Rabai kuna makumbusho madogo pale kwenye kanisa la wamisionari, na hakuna foleni ya selfi. Halafu pitia Changamwe, kwa ushirika wa wachongaji wa Akamba ulioanza 1963. Orodha huuweka mwisho kabisa, mahali pa kununua zawadi ukielekea uwanja wa ndege. Mimi ningeuweka juu. Uchongaji huu wa biashara husimuliwa kuanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hivyo hata "sanaa ya Kikamba" yenyewe ina nusu ya pwani ndani yake. Nakiri twiga ni wengi mno, na ukimwona mmoja umewaona wote. Soko la watalii limewafunga wazee mikono. Lakini keti nao wakifanya kazi. Sikia mlio wa tezo kwenye mti wa mwarobaini au mwembe, ambao wengi wamehamia kwa vile mpingo umeadimika. Ngome ilimalizika kujengwa zamani. Hapa bado kunajengwa.

Mara ya mwisho nilimuuliza kijana mmoja mwelekezi, pale pale chini ya alumini, nani alibeba hizo pembe. Alicheka, akavua kofia. "Ndugu yangu, mamangu ni Mkamba wa Mariakani," akasema, "na hakuna mgeni amewahi kuniuliza hivyo."