Meli Ilizama au Ilizamishwa? Maoni Juu ya Istilahi za Vita vya Nyambizi

Katika rasimu za tafsiri na za masomo ya historia tuzipitiazo, sentensi moja hurudi mara kwa mara, kwa sura hii au ile: "Wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli ya biashara Khedive Ismail ilizama katika Bahari ya Hindi, na askari wengi wa Afrika ya Mashariki wakapotea." Sarufi yake haina kosa. Hata hivyo, twaona kwamba maneno yake matatu yahitaji kusahihishwa.

Tutaje kwanza tukio lenyewe. Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara wa meli tano zilizochukua askari uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, ukilindwa na manowari za Kiingereza Hawkins, Petard na Paladin. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido. Meli ilikwenda chini kwa dakika chache tu. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, 1,297 walikufa, na wengi miongoni mwao walikuwa askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika ya Mashariki.

Basi "ilizama" haitoshi. Ngalawa huzama kwa tufani au kwa kuvuja. Meli iliyopigwa topido huzamishwa. Mnyambuliko huo wa kitenzi tunao tangu zamani, na kuuacha ni kumficha mtendaji.

"Wakapotea" nalo halifai. Aliyepotea hutazamiwa kurudi, na nyumbani husubiriwa. Hawa walikufa, na majina ya wasio na kaburi yameandikwa katika ukumbusho ulioko kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Lakini mfasiri asikimbilie kuandika kwamba wote "waliuawa na nyambizi". Manowari za ulinzi, zikiisaka I-27 hata kuiangamiza, zilitupa mabomu ya kina mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaelea. "Walikufa" ndilo neno la kweli. Sababu zielezwe kwa sentensi zake.

Neno la tatu, "meli ya biashara", ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa ni istilahi ya sheria. Mkataba wa London wa 1930, uliothibitishwa kwa Itifaki ya 1936, uliikataza nyambizi kuizamisha meli ya biashara kabla ya kuwaweka abiria, mabaharia na hati za meli mahali pa salama, isipokuwa meli hiyo ikishikilia kukataa kusimama au ikipinga kukaguliwa. Mashua za meli zenyewe hazikuhesabiwa kuwa mahali pa salama ila hali ya bahari na ukaribu wa nchi kavu au wa chombo kingine viwe vimewahakikishia watu usalama. Meli za shehena zaidi ya 20 zilizozamishwa na nyambizi za Kijapani katika Mlango wa Msumbiji, Juni na Julai 1942, zaweza kujadiliwa chini ya kanuni hiyo. Khedive Ismail ilijengwa kwa ajili ya abiria, lakini siku ile ilikuwa meli ya askari, ndani ya msafara uliolindwa kwa manowari. Tukiiita "meli ya biashara" tu, twaibadili hukumu bila kujua.

Limebaki jina la chombo chenyewe. Wengine huandika "sabmarini", wengine "manowari ya chini ya bahari". La kwanza halimwelezi kitu asiyejua Kiingereza. La pili ni maelezo, tena hupotosha: vyombo vya wakati ule vilisafiri zaidi juu ya maji kwa injini za dizeli, vikazama kwa muda ili kujificha au kushambulia, kwa nguvu ya betri. "Nyambizi", neno lenye udugu na mbizi, lasema hasa hivyo. Kijana wa bonde la Mbwemkuru, upande wa Nachingwea au Ruangwa, ambaye huenda hajaiona bahari, ajua kwamba apigaye mbizi hana budi kuibuka avute pumzi.

Msomaji huyo ndiye kipimo chetu. Mwalimu wake akimfundisha mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanzishwa baada ya vita kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya kula Uingereza, atalazimika kugusa habari za meli na shehena. Hana mahali pengine pa kuyahakiki anayosoma. Neno tumpalo ndilo tukio alijualo. Kwa hiyo twapendekeza: nyambizi, topido, bomu la kina, meli ya askari pale ilipo ya askari, na ilizamishwa. Sentensi ya awali iandikwe hivi: "Tarehe 12 Februari 1944, meli ya askari Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na watu 1,297 wakafa."