Jinsi ya Kuitambua Suzuki GT750 Nzima

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndivyo zilivyo GT750 nyingi zinazouzwa kwa bei ya juu: kromu inawaka, tangi limepakwa rangi upya, lakini krenki imekwisha. Suzuki waliitengeneza pikipiki hii kuanzia 1971 hadi 1977 ili ibebe watu wawili na mizigo yao safari ndefu. Ipime kwa kazi hiyo.

Injini yake ni ya mipigo miwili, silinda tatu, cc 738, na inapozwa kwa maji. Kawasaki H2 ya 1972, ya silinda tatu pia lakini yenye kupozwa kwa upepo, ilijengwa kwa kasi na ilitoa nguvu farasi 74. GT750 ya kwanza ilitoa 67, ikachagua utulivu. Maji yaliisaidia silinda ya katikati, ambayo kwenye injini ya upepo huumia kwa joto kuliko jirani zake.

Ikague ikiwa baridi. Ukigusa injini ukakuta muuzaji ameshaipasha moto, rudi siku nyingine. Moshi mzito wa mwanzo usikutishe; ni oili iliyotuama chini inaungua. Injini ikishapata moto, moshi upungue. Usipopungua, na oili ya giaboksi ikawa inashuka, sili za krenki zimechoka. Mvuke mweupe usiokoma pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta hukuonyesha gasketi ya silinda hedi.

Krenki ndiyo roho ya bei. Vipande vyake vimeshindiliwa kwa mashine, havikufungwa kwa bolti, hivyo kuitengeneza kunahitaji presi na fundi anayejua kuinyoosha. Pikipiki iliyolala miaka mingi huenda beringi zake zimeshika kutu, hata kama kilomita ni chache. Sikiliza chini ya injini ikiwa sailensa: mngurumo mkavu ni gharama.

Kisha tazama pampu ya oili. Inasukuma oili moja kwa moja kwenye beringi za krenki na kuta za silinda, na kiasi chake hufuata mwendo wa injini na mkono wa mafuta. Mwambie mwenzako azungushe mkono wa mafuta taratibu huku umekodolea macho kile kiwiko kidogo cha pampu. Kinapaswa kusogea pamoja na kabureta na kufikia alama yake. Kikichelewa, pistoni zimekuwa zikifanya kazi na njaa. Mapovu ndani ya mipira ya oili nayo ni onyo.

Kuhusu mwaka, toleo la 1972 lina breki ya mbele ya ngoma, nayo hupendwa na wakusanyaji. Msafiri achague la 1973 na kuendelea, lenye diski mbili mbele. La 1974 liliongezewa kabureta bora na taa ya kuonyesha gia.

Mwisho, ipeleke barabarani. Weka gia ya tano ikiwa mwendo mdogo, ufungue mafuta polepole. GT750 nzima huvuta bila kushtuka wala kukohoa. Ikifanya hivyo, inunue hata kama rangi imepauka: mpaka rangi yupo kila mtaa, fundi wa krenki hii utamtafuta.